Harmonika ya Mtu Mwingine

Jumapili moja ya Januari, 1964, tulijazana kama njiti za kiberiti katika ukumbi wa nyuma ya baa pale Kingston, mchana kweupe, kuwasikiliza Wathornback, bendi ya kaka yangu, wakirekodi santuri yao ya kwanza. Kampuni ya santuri ilitaka muziki wao wa bluzi ulivyo, na jasho lake na kelele zake za ukumbini. Nyaya zilipita juu ya vichwa vyetu hadi dirishani, na nje lilisimama gari lenye mashine za kurekodia.

Kaka yangu Vernon ndiye aliyepiga harmonika, kile kinanda kidogo cha mdomoni. Barry Selwood, mchumba wangu, aliimba. Wawili hao walijifunza bluzi pamoja chumbani kwetu, kwa santuri za Wamarekani weusi walizoagiza kwa posta, Mama akigonga dari kwa mpini wa ufagio.

Katika wimbo wa nne Vernon aliachiwa nafasi yake. Akafumba macho. Harmonika ikaanza chinichini, kama mtu anayelia ndani ya blanketi, kisha ikapasuka. Nilipanda juu ya kiti nikapiga kelele: "Wamalize, Vern! Wamalize!" Ukumbi mzima ukalipuka.

Miezi mitatu Vernon hakuwa na habari nyingine. Santuri ilipotoka, Mama aliazima gramafoni kwa jirani, akakata keki, tukakaa kusikiliza. Barry alituma ujumbe kwamba ana mafua.

Wimbo wa nne ukafika. Sauti yangu ikasikika wazi kabisa.

"Doreen, huna haya wewe!" Mama akacheka.

Harmonika ikaingia. Vernon akaweka kikombe chini.

"Huyu si mimi."

"Acha utani, mwanangu."

"Mama, huyu si mimi. Sijawahi kupiga hivi."

Akarudisha sindano mara tatu. Ilikuwa harmonika safi, iliyonyooka, isiyo na kosa hata moja. Na mimi nilikuwa namshangilia mtu ambaye hakuwahi kukanyaga ukumbi ule. Nyuma ya jalada palikuwa na picha ya Vernon, jina lake, na maneno kwamba kila sauti ilinaswa ukumbini siku ileile. Mama aliendelea kukata keki ambayo hakuna aliyeitaka.

Jumatatu, saa ya chakula cha mchana, nilikwenda kwenye duka la viatu la baba yake Barry. Nilimkuta peke yake, mzima wa afya.

"Mafua yamekwisha?"

"Dori, ngoja nikueleze..."

"Nani alipiga?"

"Mpigaji mmoja wa kukodiwa, studio. Hata jina lake silijui. Meneja wa bendi alisema harmonika ya Vern haikutoka vizuri, inakwaruza."

"Na wewe ulikuwepo?"

Akawa anakunja karatasi ya kufungia viatu, anaikunjua, anaikunja tena. "Nilirudia sauti yangu kidogo. Februari. Jumamosi ile."

Jumamosi ile aliniambia anakwenda mji wa Reading kumwona shangazi yake. Kesho yake alikula nyama ya kuokwa mezani kwetu. Vernon alisimulia upya wimbo wa nne, na Barry, mdomo umejaa viazi, akamwambia: "Ulitisha, shem. Ulitisha."

"Ungemwambia, Barry."

"Ningemwambiaje? Angevunjika moyo."

"Kwa hiyo ukaona bora avunjike mbele ya mama yake."

"Meneja alisema nikifungua mdomo anatafuta mwimbaji mwingine! Ungetaka nifanyeje?"

Nilirudi nyumbani, nikamwambia Vernon kwamba ni kampuni iliyomleta mtu wa studio. Kuhusu Barry sikutamka neno. Nilijiambia namwachia Barry aseme mwenyewe.

Jumamosi walikuwa na onyesho la alasiri Guildford. Vernon alikwenda. Nadhani alitaka kuona nani angemtazama usoni. Wasichana wa mbele walikuwa wameshika lile jalada. Wimbo wa nne ulipofika alipiga kwa namna yake, ya kulia na kupasuka, na kijana mmoja akapaza sauti: "Piga kama kwenye santuri, bwana!" Wengine wakadakia, wakicheka: "Kama kwenye santuri!"

Vernon akamgeukia Barry. Barry akainama, akawa anakaza maikrofoni ambayo haikuwa imelegea. Kaka yangu akatia harmonika mfukoni, akashuka ngazi, akapita katikati ya watu. Nikamfuata hadi kituo cha basi.

"Barry alijua?"

"Alijua. Alikuwepo studio siku hiyo."

"Na wewe umejua lini?"

"Jumatatu."

Akahesabu siku kwa vidole, taratibu. "Siku tano, Doreen. Tumekunywa chai pamoja siku zote tano."

Basi la ghorofa lilipokuja alipanda juu, akaniambia nikae chini.

Wiki ileile nilimwandikia Barry barua kuvunja uchumba. Hakujibu. Vernon alirudi kwenye kazi yake ya kufunga mabomba ya gesi na hakupanda jukwaani tena kwa miaka miwili. Mama alimsamehe Barry kabla ya Krismasi, akawa anamsalimia sokoni. Kaka yangu alianza kuzungumza nami mwezi Juni, juu ya mambo ya nyumbani: maziwa, kodi, bomba linalovuja. Mambo ya muziki, hadi leo, humweleza mke aliyemwoa baadaye. Wanaoipenda ile santuri bado husema kinachowagusa zaidi ni harmonika ya wimbo wa nne, na wanamtaja Vernon kwa jina.