Kabla Wino Haujakauka

Mutindi aliifunga kalamu nyeusi kwenye mkono wa plota, mashine ya kuchora ramani, akabonyeza kitufe. Karatasi ikaanza kwenda mbele na kurudi nyuma, mkono ukateleza kushoto na kulia. Penye nafasi tupu kalamu iliinuka, penye mpaka ikashuka. Wapima ardhi wengine wa Machakos walikuwa na printa za kunyunyiza wino. Levi, mwenye ofisi, hakuiacha plota yake kwa sababu mistari yake ilikuwa safi na wanunuzi wa ploti waliipenda.

Mchana huo ilikuwa ikichora shamba la Kathiani lililokatwa ploti. Ilipomaliza mipaka, kalamu haikuinuka. Ilichora kigoda, kisha bibi kizee juu yake. Bibi akajinyoosha, akashuka kwenye karatasi, akaomba maji.

Alijitambulisha kuwa Nthambi. Mumewe Aloys alipozikwa, mashemeji walimfukuza shambani humo, akafia katika chumba cha kupanga nyuma ya soko. Mutindi alimpa maji, na kwa kuwa ilikuwa saa ya chakula, akamgawia muthokoi wake, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe. Tangu mama yake afariki, hakuwa amekula na mtu. Nthambi alisema chumvi imepungua, na kweli ilikuwa imepungua.

"Kaburi la Aloys wameliacha?" akauliza.

Mutindi alitazama ramani. Barabara mpya ilipita juu ya kaburi.

"Wameliacha, susu," alisema, akimwita bibi kwa Kikamba.

Wino ulipokauka, Nthambi hakuwepo.

Kesho yake Mutindi alichora nakala nyingine ambayo hakuna aliyeiomba, na bibi akaja. Akachora tena, na tena. Levi alizikuta zile nakala, akafurahi, akawagawia madalali. Siku moja alimkuta Nthambi mwenyewe, akamwamkia kwa heshima, akamwomba asogeze miguu wateja wapite. Ploti zilinunuliwa upesi.

Kisha ikafika siku ambayo Nthambi hakugusa chakula.

"Nimesikia trekta," alisema. "Limepita juu ya Aloys."

"Ndiyo, susu. Nilijua tangu siku ya kwanza."

Wino ulikuwa umeanza kukauka pembeni.

"Ungeniambia, nisingerudi," alisema. "Na wewe ungekula na nani?" Akavuta sahani. "Kesho weka kalamu nene. Wino wake unakawia kukauka."

Jioni hiyo ploti ya mwisho ilipata mwenyewe. Mutindi alipita dukani, akanunua kalamu nene.