Kaimati za Bi Miza na Benki Mbili

Kama hujawahi kupanga foleni kwa Bi Miza mwezi wa Ramadhani, usije ukaniambia unaijua Bagamoyo. Watu wanatoka Mlingotini kwa bodaboda kufuata kaimati zake, yale madonge madogo ya unga yaliyokaangwa na kutiwa shira ya sukari, na wapo wanaofika nyumbani na mfuko nusu wakasema zimemwagika njiani. Mungu anawaona.

Sasa shetani, ambaye tunaambiwa hufungwa minyororo mwezi huo, mwaka huu alimwachia kazi Hamoudi, mwenye fremu ya duka anamokaangia Bi Miza. Hamoudi alitaka kodi ya mwaka mzima, kwa mkupuo, kabla ya Idi. Asipoipata, fremu anampa Hija, muuza makava ya simu, ambaye alishakuja na tepu kupima ukuta huku Bi Miza anamtazama. Fremu ile ndiyo iliyomlelea wanawe baada ya kufiwa na mume. Angekwenda wapi?

Alianzia benki kubwa, yenye makao yake Dar. Wakamkaribisha kwenye kiti laini, wakamwambia afisa atakuja kuiona biashara. Na kweli akaja, kijana wa tai anaitwa Abdulazizi, saa sita mchana, Ramadhani imeshika kasi. Jiko baridi, karai limefunikwa, paka amelala mlangoni.

"Shikamoo, mama. Wateja wako wapi?"

"Marahaba, mwanangu. Wamefunga."

"Hata mimi nimefunga."

"Alhamdulillahi. Basi rudi alasiri ujionee."

Abdulazizi akafuta jasho. "Ratiba inapangwa Dar, mama. Alasiri natakiwa niwe Chalinze. Kwenye fomu hii naulizwa nimeona wateja wangapi kwa macho yangu."

"Andika kwamba ni mwezi mtukufu."

"Hakuna pa kuandika hilo. Nami nikidanganya, saumu yangu imekwenda na maji."

Akaandika sifuri, akaaga kwa adabu zote. Haukupita muda, ujumbe ukaingia kwenye simu: ombi limekataliwa, biashara haina wateja. Haina wateja! Bi Miza alicheka, kisha akalia, kisha akaenda kuchekecha unga maana jua halimsubiri mtu.

Ikabaki benki ya wananchi, ile ndogo karibu na soko. Bi Miza alikuwa akiidharau kwa sababu moja tu: aliwajua wafanyakazi wake wote. Benki gani hiyo, meneja wake unakutana naye anaomba apunguziwe bei ya dagaa? Lakini mfa maji haachi kutapatapa. Akaenda.

Akatumwa Natalia, binti wa mwalimu mmoja wa Ubena; ni Mkristo, lakini amekaa Bagamoyo miaka. Hakuuliza njia wala saa. Alikuja jua likiwa linaaga, faili kwapani, akakuta foleni imefika duka la dawa. Akajaribu kupita pembeni.

"We dada! Foleni!" Aliyepiga kelele alikuwa Hamoudi mwenyewe, kashika bakuli lake.

"Samahani, mzee, natoka benki."

"Hata ungetoka Ikulu! Nyuma!"

Natalia akarudi nyuma. Bi Miza alimwona, akazidisha kasi ya kukaanga, kaimati zikawa zinatoka zimepinda. Amwite mbele? Watu wenye njaa wangemla yeye. Foleni ikasogea, adhana ya magharibi ikasikika, na Natalia alipofika mbele sinia lilikuwa jeupe.

Ya Rabbi, sifuri ya pili hiyo, Bi Miza akasema moyoni. "Nisamehe, mwanangu. Zimekwisha."

"Shikamoo, Bi Miza. Usijali, hilo ndilo nililokuja kuliona," Natalia akasema, akaandika. "Sasa nataka mtu anayekujua, akudhamini."

Hamoudi alikuwa pale pale, anafuturu kwa kaimati, shira inamchuruzika. "Mkopo wa nini tena?"

"Wa kukulipa wewe, usimpe Hija fremu," Bi Miza akajibu, bila kumpamba.

"Kwani ukitoka hapa, utakaangia wapi?"

"Fukayosi, kwa dada yangu."

"Fukayosi!" Hamoudi akaacha kutafuna. Wallahi, hilo hakuwa amelifikiria.

"Mwakani utafuturu makava ya simu, Bwana Hamoudi!" mtu akapaza sauti, watu wakaangua kicheko.

"Lete kalamu," Hamoudi akasema, akaweka sahihi yenye shira.

"Si ungenipunguzia kodi tu," Bi Miza akamwambia, "tusiisumbue benki?"

"Biashara ni biashara, Bi Miza."

"Na ujue, mzee," Natalia akasema huku anafunga faili, "akishindwa kulipa, utalipa wewe."

Hamoudi akameza kaimati nzima nzima.

Mkopo ulitoka kabla ya Idi, kodi ikalipwa, na Bi Miza akalala usingizi wa kweli. Aliyekosa usingizi ni Hamoudi. Kila alasiri yuko mlangoni kwa Bi Miza, anawapanga watu foleni, na ole wake anayekuja kukopa. Juzi Hija alipita zake, tepu mkononi, akasalimia. Hamoudi akamdaka mkono.

"Weka tepu hiyo, bwana. Unachukua kaimati za shilingi ngapi?"