Simu Haisemi Kila Kona

Kitendawili: hana miguu, lakini humfuata mume wa mtu hadi kazini. Ni wivu, na ulikuwa umempanda mshonaji tangu asikie kwamba msusi, mchumba wa zamani wa mumewe, amefungua saluni kwenye kona ya mwisho kabla ya ofisi ya minara ya simu anakofanya kazi mume huyo.

Asubuhi alimzuia mlangoni. "Baba watoto, kila ukifika kona, nipigie."

Mume akacheka. "Hata simu haifanyi hivyo, mke wangu. Ingeuarifu mtandao kila hatua, betri ingekwisha mapema. Minara tumeigawa kwa maeneo. Simu ikivuka eneo ndipo inasema, 'Sasa niko huku.' Ikizunguka ndani ya eneo, inanyamaza."

"Na saluni ya yule bibie iko eneo gani?"

Mume akakohoa. "Eneo la... ofisini."

Moyo wa mshonaji ukaungua kama kitambaa kilichosahauliwa chini ya pasi. "Kumbe! Na hiyo simu iliyonyamaza, mtu akiipigia, mtandao unaipataje?"

"Unaiita kwenye minara yote ya eneo hilo, mpaka iitike."

"Basi nyamaza tu. Nikikutaka nitakuita mlango kwa mlango, kwa sauti yangu hii hii. Naanzia kwa bosi wako, namalizia saluni."

Mume akaondoka. Punde simu ikalia juu ya cherehani.

"Mama watoto, nimefika kona."

"Hiyo ya kwanza," akajibu mshonaji. "Zimebaki tatu, na ya mwisho pita mbio."