Bosi Kwenye Kikaango

...wala asimgeuze sasa, upande wa chini bado haujashika rangi, samaki ukimgeuza mapema anakatika vipande, hilo Dorotea alifundishwa na mama mkwe wake kule Kigoma mwaka wa kwanza wa ndoa, mama mkwe kasimama nyuma yake mikono kiunoni, ati binti wa Kichaga huyu anajua ndizi tu, samaki atampikiaje mwanangu, na kweli alikuwa hajui, nani kule Marangu alimfundisha mtu kuparua magamba, lakini alijifunza, kwa machozi na miiba vidoleni alijifunza, na leo hii yuko ghorofa ya kumi na nne Flemingdon Park, Toronto, saa nane mchana, theluji inamwagika nje ya dirisha kama haina kazi nyingine, na kwenye kikaango, Mungu wangu, yumo Bosi, mkia umezidi ukingo, jicho limekuwa jeupe, mdomo wazi utadhani alitaka kusema neno akakatizwa, na kutoka chumbani sauti ya mume wake, Urbanus, sauti nyembamba ya mtu aliyebaki mifupa na macho, "Mama Gift, ameiva?" na yeye anajibu upesi, upesi mno, "Bado kidogo, Baba Gift, tulia," kama anambembeleza mtoto, kumbe anayebembelezwa hapo ni nani.

Samaki mwenye jina anakaangwaje, hebu mtu amwambie, kuku mtu hampi jina kwa sababu hiyo hiyo, lakini huyu, binti yao Gift alimpa jina alipokuwa na miaka tisa, kwa ajili ya ile nundu ya kwenye paji la uso na ule mwendo wake wa polepole ndani ya tangi, akiwapitia wenzake mmoja mmoja kama anakagua wafanyakazi, miaka kumi na moja ameishi nao sebuleni, mistari yake sita myeusi juu ya mwili mweupe wenye kibuluu, Gift amekua, amekwenda chuo Ottawa, na kila akipiga simu anamuulizia Bosi kabla ya kumuulizia mama yake, sasa Ijumaa akija ataambiwa nini, ataambiwa baba yako alisikia njaa... Na yote haya aliyaanza Urbanus mwenyewe, walikwenda Scarborough kununua mchele, mchele tu, wakapita mlangoni pa duka la wanyama wa kufuga, mwanamume akasimama mbele ya kioo mdomo wazi, Dorotea, njoo, njoo uone, hawa si wa kwetu hawa, hawa ndio marehemu baba alikuwa anawavuta kwa mshipi kutoka kilindini, tunawala na ugali, akamuuliza mwenye duka wanatoka wapi, mwenye duka akainama kusoma kibandiko, ziwa moja Afrika, akasema, linaitwa Tanganyika, na Urbanus akacheka mpaka akaegemea ukuta, akacheka huku anafuta macho, vidagaa visivyofika hata urefu wa kidole, kila kimoja bei ya mbuzi, akanunua vitano, jamani aibu ile, mtu mzima, mwalimu wa hesabu, ananunua mboga ya kwao akaiweke kwenye kioo aitazame. Na akaitazama kweli. Akitoka kazini anavuta kiti, anawasemesha Kiha, Dorotea akipita na kapu la nguo anamtania, wake wenzangu hawajambo leo, naye anajibu bila kugeuka, hawajambo, wanauliza chakula kiko wapi.

Mafuta yanaruka, tone moja limempata mkononi, afadhali, mtu anahitaji kuungua kidogo aamke, yuko wapi, yuko jikoni, ni Jumanne, Shaila muuguzi atakuja saa kumi kama kawaida na mkoba wake, binti mzuri Shaila, wazazi wake ni Wahindi wa Tabora, kazaliwa hapa hapa Toronto lakini Kiswahili cha jikoni kwa bibi yake anacho, na ndiye aliyesema juzi mlangoni akivaa viatu, dada, mpe chochote anachotaka, sasa hivi hakuna cha kumkataza. Chochote anachotaka. Si alisema hivyo? Alisema, Dorotea alimsikia kwa masikio yake, basi kosa liko wapi, maana siku tisa Urbanus hajatia kitu mdomoni, uji kakataa, maziwa ya kopo kakataa, supu ya kuku aliyoileta Josephine wa kwaya kageuza uso ukutani, ini limekwisha, hata dawa ya maumivu inapimwa kwa tone kwa sababu ini haliwezi tena kusafisha kitu, halafu leo asubuhi anafumbua macho, macho ya kwake yale ya zamani, anasema, Dorotea, nikaangie Bosi. Akadhani ni dawa inayosema. Hapana, akasema, akili zangu ninazo, nina njaa, nataka samaki wa kwetu, mkaange na chumvi na ndimu tu, usiniharibie na mabinzari yako, na hilo neno njaa, loo, Dorotea alikuwa hajalisikia nyumba hii tangu Krismasi, alitamani kupiga vigelegele, alitamani kukimbia koridoni agonge kila mlango, Baba Gift anasikia njaa!

Akachukua wavu, akamkimbiza Bosi ndani ya tangi, na Bosi hakukimbia sana, ndilo lililomuuma, alizoea mkono wake, mkono wa kumlisha, alikuja mwenyewe, akamtia kwenye beseni la nguo, akaita, namuuaje sasa, na Urbanus kutoka kitandani, mwiko, nyuma ya kichwa, mara moja, usimtese, ikachukua mara tatu, mara ya tatu amefumba macho, na wale wanne waliobaki wamejibana kwenye kona ya tangi mpaka sasa, hawatoki, aliwatupia chakula hawakukigusa... na ile dawa. Basi, iseme tu, nani anakusikia. Dawa. Wiki tatu zilizopita Urbanus alikuwa amelazwa, samaki wakaota madoa meupe mwili mzima, kama wamenyunyiziwa chumvi, na mgonjwa hospitalini na mipira yake puani anauliza Bosi anaendeleaje, Dorotea atasemaje, akapanda basi mbili na picha kwenye simu mpaka dukani, akapewa chupa, matone kadhaa kila siku, maji yakawa ya kijani kama wino, samaki wakapona, akajisifu kwa Urbanus, wake wenzangu nimewauguza mimi, na kwenye chupa ile, chini ya picha ya samaki, maandishi madogo, alisoma, kazi yake ni kutunza wazee, amezoea kusoma kila kibandiko cha dawa kabla hajampa mtu, isitumike kwa samaki wa kuliwa na binadamu, na alicheka siku ile peke yake sebuleni, alicheka kwa sauti, nani atamla Bosi.

Lakini wiki tatu ni nyingi, maji si ameyabadilisha mara mbili, mara tatu, na samaki kaoshwa na ndimu, na moto unaua kila kitu, moto unaua dawa? Hajui. Atamuuliza nani, ampigie Shaila amwambie nini, samahani dada, nimemkaanga samaki wa mapambo, na hata kama imo, imo kiasi gani, mtu mwenyewe amepewa wiki mbili, tatu akibahatika, tone la dawa ya samaki litamfanya nini ambacho saratani haijamfanya, mwache ale, mwache mwanamume ale mboga ya baba yake aridhike, mbona ni rahisi tu, ni huruma hii, mtu yeyote angefanya hivyo, na kumwambia sasa kwamba haliwi, kwamba amemuua bure, njaa yake ya kwanza na ya mwisho, uso wake ule utageuka tena ukutani na Dorotea hawezi, hawezi kuuona tena uso ule ukigeuka, amechoka. Amechoka, ndiyo, kosa kuchoka? Miezi saba anainua mwili ule, anaubadilisha shuka, anaufuta, anaukoromea moyoni na kuuomba radhi, miaka kumi na moja kazini amewalisha wazee wa watu kwa kijiko na kuwaona watoto wao wamesimama koridoni na makoti yao, wanaulizana chini chini itachukua muda gani, naye anawasonya kimoyomoyo, watu gani hawa, halafu Jumapili mbili mfululizo amepiga magoti kanisani, macho kafumba, watu wanadhani anaomba uponyaji, kumbe anamwambia Mungu, mchukue, mchukue basi, unangoja nini... apumzike. Apumzike nani. Sema, Dorotea. Apumzike nani.

"Mama Gift." Amesogea, kitanda kimelia, amejaribu kuinuka peke yake, huyu mtu, ataanguka. "Harufu hiyo inanifika mpaka miguuni. Sikia. Usinipakulie peke yangu." Anapumua, anatafuta pumzi ya kumalizia, na Dorotea anasubiri, mwiko mkononi. "Lete sahani moja. Tule pamoja, kama zamani. Wewe chukua kichwa."

Na hapo, kabla ya wazo lolote, kabla hata ya kujibu ndiyo au hapana, mkono wake ukarudi nyuma kutoka kwenye kikaango. Wenyewe. Na kitu ndani yake kikasema wazi, kwa sauti ya kawaida kabisa, mimi? mimi nile hicho? nina kazi Jumatatu, nina mtoto chuoni, mimi siwezi kula hicho, na akajisikia akikisema, akakisikia chote, neno kwa neno, mpaka masikio yakawaka. Na alikuwa amejiambia nini muda huu wote, kwamba alisahau, kwamba dawa imemjia akilini samaki akiwa tayari kwenye mafuta, mwongo, mwongo mkubwa wewe, si ulifungua kabati ya chini ya tangi kuchukua wavu, si chupa ilikuwa hapo mbele, na kabla hujachukua wavu si mkono wako uliishika, huu huu wenye mwiko, ukaigeuza maandishi yaangalie ukuta, taratibu, kama mtu anayepanga vyombo. Aliigeuza. Hakuna aliyekuwa anamwona, Urbanus alikuwa kitandani anasikia njaa, na yeye akaigeuza chupa na akaimba, alikuwa anaimba wimbo wa kwaya, Mungu wangu, huku akiimba.

"Umenisikia, Mama Gift?"

"Nimekusikia," akasema, na mafuta yakaendelea kulia, na akasimama pale pale akijua kwamba miaka ishirini na nne amekula na mtu huyu kwenye sahani moja, na leo alikuwa amemwandalia ya peke yake.