Meli Isiyo na Tumbo

Kwaru, kwaru, kwaru. Sauti ndogo, kabla ya adhana ya alfajiri, ikitoka chumba cha mbele. Mwajuma alifungua macho akasema moyoni, Radjabu ameamka mapema leo, anapiga msasa. Kisha akakumbuka kwamba mumewe ana siku kumi na tisa ardhini. Hakushtuka wala hakulia. Aliwasha taa ya kitadowa, akaenda kuona ni nani anayefanya kazi ya mumewe.

Alikuwa panya. Amepanda juu ya meli, anatafuna kamba za mlingoti wa kati, kwa kuwa Radjabu alizipaka nta ili zikaze. Panya alimtazama Mwajuma, akamaliza tonge lake, ndipo akashuka mguu wa meza na kwenda zake.

Mwajuma akakaa kwenye kigoda mbele ya meli. Ilikuwa na urefu wa mkono wa mtu mzima, na milingoti mitatu, na bomba la moshi, na vimashua vinne pembeni, kila kimoja kidogo kama ganda la karanga. Matanga hayakuwepo. Na sasa kamba nazo zilining'inia.

Huo ulikuwa mwaka wa tano tangu uhuru. Mwaka uliotangulia, mwalimu mmoja wa Muyinga, jina lake Ignace, alikuja Gitega kwenye mkutano wa walimu, akapita mtaa wa Musinzira kwenye karakana ya Radjabu, fundi wa milango na madirisha. Alitoa picha moja kuukuu kwenye kitabu chake. Ilikuwa picha ya meli ya matanga ya Wabelgiji, iitwayo Belgica, imesimama katikati ya weupe mtupu. Alieleza kwamba wakati wa uhuru picha za wakubwa zote zilishushwa ukutani darasani, ila hiyo ikabaki, kwa sababu haikuwa na uso wa mtu. Sasa mchwa walikuwa wameanza kuila. Akamwachia Radjabu picha hiyo, akasema anaitaka meli ya mbao, ambayo wanafunzi wataizunguka na kuishika.

Radjabu hakuwahi kuona bahari. Lakini alimpa mwalimu mkono, akasema, "Utaipata, mwalimu. Neno langu hilo." Akaichonga mwaka mzima, baada ya kazi. Siku alipoiweka mezani mara ya kwanza alimwita mkewe jikoni. "Njoo uone! Inasimama yenyewe, haihitaji hata kigingi." Mwajuma akamsifu. Kisha homa ikaja, na kwa juma moja mambo yakaisha.

Siku ya maziko kaka zake Radjabu walitangaza mlangoni, kama ilivyo desturi: mwenye jambo lake kwa marehemu aseme sasa, asimwache amelala na mzigo. Jirani mmoja alisema aliahidiwa dirisha, akasamehe. Mwenye meli alikuwa Muyinga, hakujua lolote. Mwajuma alikuwa ndani na wanawake. Alisikia tangazo, akaikumbuka meli, na ulimi wake ukakataa kunyanyuka.

Tangu siku ile alikuwa amekufa ganzi. Kadidja, dada wa marehemu, alimletea maharage yaliyotoka Bugendana kila mchana, na kila asubuhi alifagia ua bila kusema kama ni yeye aliyefagia. Siku moja alionja maharage yake mwenyewe akaguta.

"Yoo! Wifi, hii haina chumvi hata kidogo! Na we umekula sahani nzima?"

"Sikuona," alisema Mwajuma.

Sasa, asubuhi ya panya, Kadidja alimkuta anakata kamba zilizotafunwa.

"Tuitie moto hiyo, wifi, tuchemshe chai. Wabelgiji wamekwenda miaka mitano, nyie bado mnawajengea meli? Wanarudi kuichukua?"

"Mwalimu hakusema iko ya Wabelgiji. Alisema iko ya wanafunzi."

"Na nani ataimaliza? Panya?"

"Mi."

Kadidja akaacha kucheka. Alijua, kama mtaa mzima ulivyojua, kwamba Mwajuma alishona kofia za vitobo ambazo wanaume walizivaa Idi. Mtu anayeweza kuzungushia uzi tundu dogo kama punje ya uwele hawezi kushindwa na kamba za meli. Na muda ulikuwepo. Eda ni miezi minne na siku kumi, na mjane haendi popote.

Basi akashona. Alisokota uzi wa katani, safari hii bila nta, akaupitisha mlingoti kwa mlingoti huku picha imeegemea kikombe mbele yake. Akikosea alifumua. Hakufurahi wala hakuchoka. Vidole vilikwenda, yeye akivitazama kama vya mtu mwingine.

Ilipofika zamu ya matanga ya meli, alifungua sanduku akatoa kipande cha bafta nyeupe.

Kadidja alishika mdomo. "We Mwajuma! Hiyo ni nguo ya maiti!"

"Imebaki. Walikata ya kumtosha, hii haikumfikia."

Kadidja aliipapasa bafta. Kisha akavuta mkeka, akakaa. "Nipe sindano," alisema. "Pindo zako zinakwenda upande."

Eda ilipokwisha, Mwajuma alioga, akavaa, akaifunga meli kwa kitenge, na picha akaitia kifuani. Matata, dereva wa kamio, lori la kwenda Muyinga, alifunua pembe ya kitenge akapiga mluzi.

"Meli juu ya kamio! Leo barabara imekuwa bahari." Halafu akamshusha kijana aliyekaa mbele, akamwambia apande nyuma kwenye magunia. "Kaa hapa, mama, uipakate. Mi nitaendesha polepole."

Na kweli, kila kwenye shimo alikanyaga breki kama anayebeba mayai.

Nyumba ya mwalimu ilikuwa nyuma ya shule. Mkewe, Pétronille, alikuwa uani anachekecha unga wa muhogo. Ignace alitoka mbio na furaha, kisha akaona nani ameileta, na nani hakuja.

"Radjabu amefariki, mwalimu," alisema Mwajuma. "Alikupa neno lake. Nimekuja uangalie, useme kama umeridhika, apumzike."

Ignace akakaa chini. Alisema pole mara tatu, sauti ikizidi kushuka. Kisha akaigeuza meli taratibu. Aligusa vimashua, akahesabu kamba kwa kidole, akatabasamu. Akaiinua juu, akatazama chini yake, na tabasamu likasimama.

"Mama, tumbo iko wapi?"

"Tumbo gani?"

"Chini hapa. Meli iko na tumbo kama mtumbwi, inaingia ndani ya maji. Hii imekatwa sawasawa, kama kiti."

Mwajuma alitoa picha kifuani. Wote wawili waliitazama. Meli ilisimama juu ya ule weupe kama nyumba kiwanjani, na chini yake hapakuonekana kitu. Radjabu alichonga alichokiona. Mwajuma akakumbuka mumewe alivyomwita jikoni, inasimama yenyewe, na jinsi alivyomsifu. Kilomita zote hizi, na neno lenyewe lilikuwa limekatika tangu siku ya kwanza.

"Basi alikosea," alisema, bila machozi. "Mi siwezi kuichonga upya, mwalimu."

Pétronille alisimama. Alichukua meli mikononi mwa mumewe, akaiweka katikati ya ungo, juu ya unga, akausogeza unga kwa kiganja mpaka ukagusa mbao pande zote. Kisha akaiweka picha kando yake.

Ilikuwa picha ileile.

"Barafu," alisema Ignace polepole. "Ule weupe ni barafu, mama. Meli hii ilikwama humo zaidi ya mwaka. Jua lenyewe liliwapotea miezi miwili na zaidi. Walikaa humohumo."

"Wakafa wote?"

"Hapana. Wengi walitoka. Walikata barafu, wakaifungulia njia."

"Kwa kitu gani?"

"Kwa msumeno."

"Kwa msumeno?"

"Kwa msumeno, mama. Wiki nyingi."

Mwajuma aliinama juu ya ungo. "Angependa hiyo," alisema. "Radjabu angeipenda sana hiyo."

Ignace aliweka mkono juu ya mlingoti wa kati. "Nimeridhika. Mbele ya Mungu, hana kitu changu. Alale."

Walimpa maharage na ndizi. Mwajuma alikula, na katikati ya tonge akasimama. Yalikuwa na chumvi kupita kiasi. Aliomba maji tu, akaendelea kula, na macho yakamwagika mpaka kwenye sahani. Pétronille akahamisha kigoda chake, akakaa bega kwa bega naye.

Jioni Matata alipopiga honi barabarani, Pétronille alimsindikiza amemshika mkono.

"Unga ule wa meli tutaula, mama, hatuwezi kuuacha," alisema. "Lakini urudi. Urudi kabla ya mvua, tuchekeche mwingine."