Mkufu wa Dirishani

Talaka ya Mwaisha iliandikwa kwa wino wa buluu, mwandiko safi kama wa karani wa mahakama. Akida, mumewe, aliandika kwamba anamwacha kwa kuwa ameuiba mkufu wa marehemu mama mkwe wake, Bi Kijakazi, akauuza. Ikasomwa barazani mbele ya wazee wa mtaa. Mwaisha aliapa, alilia, alitaka msahafu. Mzee Muhidini, baba yake mzazi, asiyejua kusoma hata jina lake mwenyewe, alisema, "Kilichoandikwa kimeandikwa," akamfungia mlango. Shinyanga nzima ikamwita mwizi. Akida akahamia Geita kununua dhahabu.

Mwaisha alipata kazi studio kwa Jashvant: kusafisha picha, kuzipaka rangi kwa mkono kwa wanaotaka mashavu mekundu, na kupanga za kuonyesha dirishani. Chuki yake aliifuga kama kuku wa mayai, kila siku akiitupia punje.

Msimu mmoja wa pamba, akiwa nyuma ya pazia, alisikia sauti anayoijua. Akida! Kaja na mke mpya kupiga picha.

"Vua buibui mkufu uonekane," Akida alimwambia mkewe. "Humu ndani ruksa. Barabarani nimekukataza."

Mwaisha hakuchungulia. Alingoja.

Kwenye beseni la dawa uso wa Akida ulijitokeza taratibu, umevimba kwa raha. Kisha bibi harusi. Kisha, kifuani pake, mkufu wa Bi Kijakazi, ule wenye sarafu ya kati iliyopinda. Mji mzima uliujua, maana marehemu hakukosa harusi ya mtu. Mwaisha alicheka mpaka Jashvant akauliza kulikoni.

"Picha imetoka vizuri, Bwana Jashvant."

Aliikuza ikawa kubwa kama sinia. Yule mwanamke hakumkosea kitu, basi uso wake akauziba usitoke. Wa Akida akauacha. Akachovya brashi kwenye rangi ya manjano, akapaka mkufu peke yake. Vingine vyote vikabaki vyeusi na vyeupe. Siku ya soko akaitundika dirishani. Hakuandika hata herufi.

Kabla ya adhuhuri njia ilikuwa haipitiki.

"Ng'wana wane, mwanangu!" alimaka Bujiku, muuza tumbaku. "Si mkufu wa Bi Kijakazi huu? Si ule ulioibwa?"

Akida, ambaye alikuwa hajarudi Geita, aliingia mbio, jasho likimtiririka. "Mwaisha, itoe! Nitawaeleza watu."

Mwaisha akamsogezea karatasi na kalamu. "Andika. Wewe si fundi wa kuandika? Andika kwamba huyo si wewe."

Akida alishika kalamu, akageuka akaona nyuso zilizobanana kwenye kioo, akaitupa. Alitokea mlango wa uani, na zomeazomea ikamfuata hadi stendi. Mwaisha aliisikiliza yote. Ilikuwa tamu.

Kisha Mzee Muhidini akaingia, kofia mkononi.

"Mwanangu, nimeona kwa macho yangu. Nisamehe, turudi nyumbani."

"Shikamoo, baba," Mwaisha alisema. Akaiokota kalamu sakafuni, akampa. "Hilo la msamaha, liandike."