Bendera Mbili za Baba

Ngumi ya kwanza ilimpata Carine begani, ya pili ikaangusha ndoo ya maji ya kuoga. Kaumba, mdogo wake mwenye miaka thelathini na mmoja, alizaliwa na hali ya Down, lakini kabla baba yao hajafariki mwezi wa pili hakuwahi kumpiga mtu. Sasa kila asubuhi ilikuwa vita. Jumapili mjomba Nkulu angekuja kumchukua akaishi naye Bukama. Carine alikuwa amekwisha kukubali. Nguo za mdogo wake zilikuwa tayari zimefungwa kwenye mfuko.

"Ee, Carine!" Kisimba, jirani aliyefanya kazi ya reli pamoja na baba yao, aliita kutoka uani kwake. "Unamuvuta kama wagon yenye kuanguka!"

"Papa Kisimba, weye unacheka, minyi niko napigwa."

"Nacheka weye, hapana yeye. Treni inatokaka bila bendera? Baba yenu alikuwa anamuonyesha kwanza. Nyekundu, anangoya. Kijani, anatoka. Kila siku! Haukuonaka?"

Hakuona. Alikuwa ameolewa Luena, akarudi Kamina kwa ajili ya msiba. Na ni yeye aliyezikunja bendera zile mbili akazifungia sandukuni pamoja na kofia ya baba, kwa heshima.

Alizitoa. Kaumba alikuwa amekaa kwenye kigoda, ngumi bado zimekazwa. Carine akasimama mbali kidogo, akainua nyekundu. Ngumi zikalegea polepole. Akangoja mpaka pumzi ya mdogo wake ikatulia, kisha akainua ya kijani.

Kaumba akapiga honi kwa mdomo, akainuka, akaelekea bafuni. Mlangoni akageuka.

"Yaya, umekawia sana," akamwambia dada yake.

Carine akacheka huku akilia.

Haikuwa dawa ya kila kitu. Alhamisi alipata kofi, kwa sababu alikuwa na haraka akaruka ile nyekundu. Lakini Ijumaa hapakuwa na ngumi, wala Jumamosi, na jioni hiyo alimpelekea Kisimba ugali wa bukari na samaki, akapiga magoti kumshukuru mpaka mzee akaona haya.

Jumapili Nkulu alikula, akanawa mikono, akauliza, "Mufuko yake iko wapi?"

"Nguo ziko kwenye kamba, mjomba. Nilizifua. Anabaki na minyi."

Nkulu akamtazama Kaumba, kisha bega la Carine lililokuwa bado na alama ya ngumi. Akaanza kusimama ili abishane vizuri.

Kaumba, ambaye sahani yake bado ilikuwa na samaki, akainua bendera nyekundu.

Mjomba akakaa.